Wewe Umeiona Ipi?

Jumamosi moja jioni, kwenye saluni ya kinyozi pale Majengo, Dodoma, ulizuka ubishi ambao mpita njia angedhani ni wa Simba na Yanga. Fundi simu aliyekuwa akisubiri zamu yake alisema juzi amemaliza muvi moja ya Kikorea ya kulipiza kisasi, na mwaka huu hajacheka namna ile. Kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aliyekuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, akageuka ghafla mashine ikinguruma karibu na sikio lake.

"Kucheka? Braza, ile muvi mimi ilininyima usingizi. Mzee wa watu anampoteza binti yake, sasa unacheka nini?"

Mama mmoja aliyemleta mwanawe akadakia. "Binti gani huyo aliyekufa, wanangu? Mbona niliyoiona mimi wanakutana stendi, wanakumbatiana, mambo yameisha?"

Wakabishana hadi mtoto wa yule mama akamaliza kunyolewa. Mimi nikiwa kwenye benchi nikaanza kuuliza maswali ya kipelelezi, na ukweli ukatoka kidogo kidogo. Fundi simu aliiona iliyotafsiriwa, na DJ wake, yaani anayeisimulia kwa Kiswahili, ni wale wasioacha dakika ipite bila utani. Mwanachuo aliiona kwenye laptopu, maandishi ya Kiingereza chini, spika za masikioni, saa nane za usiku. Mama aliiona kwenye simu, vipande vipande, na kipande cha sita hakukipata. Kule kukumbatiana stendi kulikuwa ndoto ya yule mzee, na ndoto yenyewe inakatika mwanzoni mwa kipande cha sita.

Yaani watu watatu walikuwa wakibishana juu ya muvi tatu zenye jina moja. Tumezoea kumaliza ubishi wa namna hii kwa kusema kila mtu na ladha yake, halafu tunanyamaza. Mimi naona tunaikimbilia ladha mapema mno. Kabla ya ladha kuna swali jingine: wewe umeiona ipi?

Dodoma ni mahali pazuri pa kuliuliza swali hili kwa sababu mji umekusanya watu wa kila aina ya kutazama. Kuna watumishi waliohamia kutoka Dar es Salaam tangu serikali ilipoanza kuja kwa kishindo mwaka 2016, ambao walishazoea ukumbi wa sinema wa Mlimani City, giza totoro na bisi mkononi. Kuna wanafunzi wa Chimwaga na Ng'ong'ona wanaorushiana muvi kutoka laptopu hadi laptopu. Kuna familia za Kisasa zenye king'amuzi na televisheni pana ukutani. Na kuna sisi wa Chang'ombe, Nkuhungu na Majengo, tunaopeleka flashi dukani tukajaziwe, au tunaokaa kwenye kibanda umiza ambako jioni ni mpira na mchana ni muvi.

Nianze na muvi za kutafsiriwa, maana hapo ndipo penye mambo.

Mtu asiyezijua hudhani DJ ni mkalimani tu: mwigizaji anasema neno, yeye analigeuza Kiswahili. Sivyo. DJ anashusha sauti ya muvi, anapandisha yake, na kuanzia hapo ndiye msimulizi. Anatafsiri maneno, lakini pia anakueleza huyu ni nani, alimkosea nani dakika ishirini zilizopita, na kwa nini ule mkoba mweusi si wa kuuchezea. Anawabatiza wahusika majina ya mitaani. Akiona dereva anaendesha ovyo atamfananisha na bodaboda wa Sabasaba, na kibanda kizima kitacheka, ingawa mwandishi wa muvi hakuwahi kusikia habari za Sabasaba.

Hapa Tanzania kazi hii ina wakongwe wake. Derek Gaspar Mukandala, anayejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alijijengea jina Dar es Salaam kwa kusimulia muvi za kigeni, na sauti yake ilisafiri kwa kanda kufika mikoani. Kenya wanaye DJ Afro. Uganda wana jeshi zima la watu wanaoitwa VJ. Lakini ukidhani ni uvumbuzi wa Afrika Mashariki utakuwa umekosea kwa miaka mingi. Wajapani, wakati wa sinema zisizo na sauti, walikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, wakikaa pembeni ya kitambaa cheupe na kuisemea picha nzima. Baadhi ya benshi walikuwa maarufu kuliko waigizaji, na watu walichagua ukumbi kwa kumfuata msimulizi. Sinema za sauti zilipoingia, benshi waligoma. Kaka yake mwongozaji mashuhuri Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao.

Na kwetu? Kati ya 1935 na 1937, Waingereza waliendesha hapa Tanganyika mradi wa kutengeneza sinema za kuelimisha vijijini, makao yake yakiwa Vugiri, huko milima ya Usambara karibu na Korogwe. Picha ilikuwa moja, lakini maelezo yaliwekwa kwenye sahani za santuri pembeni, ili yabadilishwe kwa lugha ya wanaotazama. Kutenganisha picha na sauti, ukaweka msemaji wako juu yake, si jambo lililoanzia kwenye duka la kujaza flashi.

Sasa, msimulizi anaifanyia nini muvi? Jambo la kwanza ni sura ya mwigizaji. Karibu miaka mia moja iliyopita Mrusi Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji, uso usioonyesha chochote, akauunganisha mara na sahani ya supu, mara na maiti kwenye jeneza, mara na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji: ona anavyoona njaa, ona anavyoomboleza, ona anavyotamani. Uso ulikuwa uleule. Maana ilitoka kwenye kilichowekwa jirani. DJ hana haja ya kukata na kuunganisha, anatumia mdomo. Mzee wa Kikorea anatazama dirishani kimya. Mwanachuo, asiye na wa kumwambia kitu, anaona huzuni isiyo na jina. Fundi simu anasikia, "Hapo mzee anapiga hesabu ya kodi ya nyumba," na kwa kweli anaiona kodi ya nyumba usoni mwa yule mzee. Hakuna kati yao anayedanganya.

Jambo la pili ni ukimya. Muvi nyingi za kutisha zimejengwa kwa ukimya: mlango unalia, kisha sekunde kumi za hakuna kitu, kisha kishindo. Kishindo kile hakina nguvu yake chenyewe, nguvu inatoka kwenye zile sekunde kumi. DJ akizijaza maneno, kishindo kinakuja kama mgeni aliyepiga hodi. Ndiyo maana mtu anaweza kukuambia muvi fulani ya mizimu haitishi hata mtoto mdogo, na mwingine akalala taa zikiwaka. Muziki nao unafunikwa. Kama muvi ilitegemea muziki kukuambia kwamba huyu bwana harusi hafai, wewe uliyesikia DJ tu utashangaa alipogeuka.

Lakini nisiwe mchoyo. Kuna mahali DJ anampita mwenye maandishi ya Kiingereza, na hili wasomi wetu hawapendi kulisikia. Wakorea huitana kwa umri na undugu. Kijana hamwiti mkubwa wake kwa jina kavu, kuna neno la kaka, kuna neno la dada, na hata kitenzi hubadilika kulingana na heshima. Kiingereza hakina mzigo huo, basi mara nyingi maandishi huweka jina tu, au neno "wewe". Siku kijana anapoacha kumwita bosi wake kaka na kuanza kumsemesha kama rika, kwa Kikorea hilo ni kofi la wazi. Kwenye maandishi limepotea. DJ mzuri, hata kama Kikorea hakijui na anabahatisha kwa kutazama anayeinama na anayeinamiwa, atasema, "Leo hata shikamoo hampi!" Amelirudisha kofi mahali pake. Sisi tuna shikamoo, tuna shemeji, tuna wifi, tuna mjomba. Vyombo vya kubebea mambo hayo tunavyo.

Maandishi yenyewe yana ufinyu wake. Kwa kawaida hayazidi mistari miwili, kila mstari takriban herufi 40, na hukaa sekunde chache tu kabla ya kuondoka. Mtu akisema haraka, mwandishi wa maandishi hana budi kupunguza. Utani unaenda, matusi yanapoa, methali inageuka sentensi ya kawaida. Halafu jicho. Kwa anayesoma Kiingereza kama lugha ya tatu, baada ya Kigogo na Kiswahili, macho yanaishi chini ya skrini. Anamaliza kusoma, anainua kichwa, uso aliotakiwa kuuona umeshapita. Akisema mwigizaji ni mkavu, muulize kwanza kama alimtazama.

Njia ya tatu, kuingiza sauti za waigizaji wetu kwa Kiswahili, tunaijua zaidi kwenye tamthilia. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili, na walioifuata bado wanaikumbuka. Baadaye zikaja za Kituruki. Hapa kinachopotea ni sauti ya mwigizaji mwenyewe, yaani nusu ya kazi yake. Anayesema mwigizaji fulani wa Kituruki ana sauti ya mamlaka, huenda anamsifu Mtanzania asiyejulikana jina.

Kuhusu haki nitapita haraka. Kutafsiri kazi ya mtu ni haki ya mwenye kazi, sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 iko wazi, na sehemu kubwa ya kinachojazwa kwenye flashi hakijaombewa ruhusa. Hilo lina makala yake.

Turudi kwenye picha, maana hata wawili wakitazama bila DJ na bila maandishi, bado hawajaona kitu kimoja.

Wengi mnakumbuka faili za megabaiti 700. Idadi hiyo haikutoka mbinguni: CD moja ilibeba megabaiti 700, na wanaobana muvi walilenga ienee kwenye CD moja. Kubana ni kutupa. Programu hutafuta mahali ambapo jicho halitagundua, na giza ni mahali pa kwanza. Kwa hiyo tukio la usiku, ambalo mpiga picha alilipangia taa kwa siku nzima, linakufikia kama tope lenye vibao vya mraba. Ongeza nakala za siku za mwanzo, zile zilizorekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi, kichwa cha mtu kikipita na watu wa nchi nyingine wakicheka. Unaposema muvi nzima ni giza na haieleweki, huenda unaieleza faili, siyo muvi.

Wa televisheni mpya nao wasijione wamepona. Muvi hupigwa picha 24 kwa sekunde, kipimo kilichokaa tangu sauti ilipoingia kwenye sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, na macho yetu yamezoea kwamba mwendo ule wenye ukungu kidogo ndio sura ya sinema. Televisheni nyingi za kisasa zinabuni picha za katikati na kuziingiza, ili mwendo ulainike. Kwa mpira ni sawa, mpira unaonekana vizuri. Kwa muvi, vita vya majoka vinageuka igizo la shuleni. Shemeji yangu wa Kisasa alinunua televisheni ya aina hiyo akawa analalamika kwamba siku hizi Hollywood wamekuwa wavivu, kila kitu kinaonekana cha bandia. Tuliingia kwenye mipangilio, tukazima kitu kimoja, akanyamaza. Jambo hili limewakera hata wenye muvi zao: mwishoni mwa 2018 Tom Cruise alitoa video akiwasihi watu wazime mpangilio huo.

Na vipande vya kwenye simu? Anayevipakia anakwepa mitambo ya kutambua kazi za watu, kwa hiyo anaigeuza picha kama kwenye kioo, anaongeza kasi kidogo, anakata kingo. Usishangae askari wote wanashika bastola kwa mkono wa kushoto na mabango hayasomeki. Kasi ikipanda, mwigizaji mpole anaonekana ana papara. Kisha kuna mwendo wa vipande wenyewe: kila dakika mbili lazima iishie pabaya ili utafute kinachofuata. Muvi iliyokusudiwa kuchemka polepole inageuka msururu wa vishindo. Yule mama wa saluni alisema muvi ile ina fujo. Mwanachuo alisema inakwenda taratibu mno. Wote wawili wako sahihi.

Kuna pia ya kwenye basi. Gari linatoka Mwanza, wewe unapandia Dodoma, muvi iko katikati na steringi, yaani shujaa wa muvi, tayari ana bandeji. Unashuka Morogoro wakati anamkaribia adui. Nina maoni makali kuhusu muvi kadhaa ambazo sijawahi kuona mwanzo wala mwisho wake, na sitayaacha.

Mwanachuo atajitetea kwamba yeye hategemei maneno ya kijiweni, anatazama alama. Kwenye mtandao wa Rotten Tomatoes muvi ina asilimia 95, basi ni kali. Hapa wengi wanateleza. Asilimia ile haisemi muvi imepata 95 kwa 100 kama mtihani wa taifa. Inasema katika wahakiki 100, 95 wameiona inafaa. Wakiwa wote wamesema "si mbaya, inatazamika," asilimia itafika juu kabisa. Chukua wahakiki kumi wakatoa 6 kwa 10 kila mmoja: wote wameipitisha, asilimia 100. Chukua muvi nyingine, watano wakatoa 10 kwa 10 na watano wakatoa 4: asilimia 50, na kwa mtandao ule chini ya 60 ni tunda bovu. Wastani wa ya pili ni 7, unaizidi ya kwanza. Mimi ningeenda kuitazama ya pili, maana muvi inayogawa watu hivyo ina kitu ndani. Mtandao mwingine, IMDb, wao hukusanya alama za watazamaji na kutoa wastani uliorekebishwa, hiyo ni hesabu tofauti, na kuzilinganisha hizo mbili ni kulinganisha kilo na lita.

Tena wale wahakiki waliitazama ukumbini au kwenye nakala safi. Hawakuiona faili yako.

Ukishaondoa DJ, maandishi, faili, televisheni, vipande na alama, kinachobaki sasa ndicho ladha, na hicho nacho si fumbo kama tunavyodhani. Watu wa rika langu tulilelewa na kanuni moja ya kibandani: steringi hafi. Anapigwa, anatupwa mtoni, rafiki yake anauawa, lakini yeye anarudi. Hiyo ndiyo ahadi tuliyolipia kiingilio. Steringi akifa katikati, kibanda kizima kinahisi kimeibiwa, na mwenye banda anaulizwa kana kwamba ndiye aliyemuua. Kijana wa leo, aliyekulia kwenye sizoni ambazo yeyote anaweza kufa wakati wowote, anaona steringi asiyekufa ni utoto. Tunapobishana, mimi nadai ahadi yangu na yeye anadai mshangao wake. Neno "kali" tunalitumia sote, lakini kwangu linamaanisha deni limelipwa, kwake linamaanisha hakutegemea.

Watoto wa kibandani, kusema kweli, wametutangulia. Ukiwaambia muvi fulani ni mbovu hawabishi. Wanauliza, "Ya DJ gani?" Ukitaja, wanaguna au wanakubali.

Jumamosi iliyofuata nilirudi saluni, safari hii kwenye kiti. Televisheni imetundikwa ukutani nyuma ya mteja, kwa hiyo anayenyolewa huitazama kupitia kioo, na kinyozi naye vivyo hivyo, jicho moja kwenye kichwa chako na jingine kwenye mapigano. Kinyozi alikuwa ameweka ile muvi ya Kikorea, kipande kwa kipande kutoka kwenye simu, ili ajue nani alikuwa mkweli. Ilikuwa ya wale waliogeuza picha. Nikiwa nimefungwa kitambaa shingoni nikagundua kwamba kwenye kioo bastola ziko mikono ya kulia, na maandishi ya Kikorea juu ya mlango wa stendi yamekaa sawasawa. Nikataka kumwambia kinyozi. Akanishika kichwa, akakigeuza kuelekea mlangoni, akaanza upande wa sikio.